Biringanya Lisilo na Tundu

Jumamosi, 22 Februari

Mavuno ya kwanza! Vikapu vinne, na hakuna tundu hata moja. Nimeyapanga mabiringanya barazani, nikakaa mbele yake nikiyatazama mpaka Rowshan akaniuliza kama nimeoa mke wa pili.

Acha acheke. Mwaka jana wakati kama huu nilikuwa na bomba mgongoni kila baada ya siku mbili, napiga dawa, macho yananichuruzika, naongea na kuku. Viwavi wakala, wakashiba, wakanenepa. Mimi ndiye niliyekonda. Nikatapika kwenye harusi ya binti wa mwenyekiti, na sahani ya biriani mkononi. Ndipo Rowshan akaniambia nichague: bomba au yeye. Nilifikiria. Nilifikiria muda mrefu kidogo kuliko alivyopenda.

Basi nikaenda kwa Bibi Shamba Rehnuma, nikachukua mbegu mpya. Hii wameitengeneza wataalamu wa serikali. Wamechukua chembe ya urithi ya kijidudu cha udongoni, wakaipachika ndani ya biringanya. Kiwavi akiuma tu, tumbo linamvurugika, kwaheri. Binadamu anakula wala hana habari. Bibi Shamba amenieleza mara tatu. Nimeelewa mara mbili.

Tatizo langu ni moja, nalo linaitwa Lutfor. Shamba hili si langu. Ni la Rowshan, kaachiwa na marehemu baba yake, na Lutfor, kaka yake, analitaka achimbe bwawa la samaki. Rowshan amekata shauri: mabiringanya yakiuzika mpaka Idi, shamba litabaki shamba. Yasipouzika, bwawa. Nimemwambia asitie shaka hata kidogo. Kizuri chajiuza!

Jumanne, 25 Februari

Hakikujiuza.

Gulio lilijaa watu. Nilikaa nyuma ya mabiringanya yanayong'aa kama viatu vya bwana harusi. Watu wa mjini wanakuja, wanachukua moja, wanaligeuza, wanalikagua kitakoni, wanalirudisha. Hatimaye akaja Bi Moyna, yule mkaanga bajia za biringanya. Ramadhani nzima msikiti wote hufuturu kwa bajia zake, na anachonunua yeye, soko zima hununua. Akaniuliza tundu liko wapi. Nikamjibu kwa fahari kwamba hakuna. Akanitazama kwa huruma. "Kiwavi mwenyewe kalikimbia, sasa mimi nimlishe nani? Umelimwagia sumu kiasi gani, mwanangu?"

Nilisahau kabisa! Hawa wote hununua hivyo. Tundu ndilo cheti chao. Kiwavi kaishi humo, basi na mtu ataishi. Nikaapa kwamba sijapiga dawa hata tone. Muuza vitunguu wa jirani akasema hajawahi kumwona muuzaji asiyeapa.

Na Lutfor je? Mabiringanya yake yana matundu kama chujio, na yameisha kabla ya adhuhuri. Shamba lake limepakana na langu. Ninajua kwa pua yangu mwenyewe kwamba hakuna anayepiga dawa kumshinda, ila viwavi wake wameshaizoea. Nikamwambia Bi Moyna hivyo. Akanijibu kwamba wivu kwa shemeji ni dhambi, hasa Ramadhani ikibisha hodi.

Jumatano, 26 Februari

Nimeamka na wazo. Wanataka matundu? Nitawapa matundu!

Nimeazima sindano kubwa ya Rowshan, ile anayoshonea kantha, shuka za matambara. Kuazima bila kusema si wizi, kama mwenye kitu ni mkeo. Nimetoboa kikapu kizima kabla ya chai. Matundu mazuri, ya duara, mawili mawili. Rowshan alipokuja kutafuta sindano yake aliyatazama, akasema yanafanana na vifungo vya shati. Kweli yalikuwa yamejipanga mstari. Mkono wangu ni wa mtu nadhifu, nifanyeje?

Nikabadili mbinu. Spoku ya baiskeli, moto kidogo, macho nimefumba ili yatoke ovyo ovyo. Nimejiunguza kidole gumba. Rowshan akaniuliza, "Baba Shiuli, kwa nini usiwaite tu watu waje walione shamba?" Nikamwambia ukweli niliusema jana, ukarudi nyumbani na vikapu vinne. Akasema mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Nikamwambia vizuri, tena Idi ndiyo tarehe yetu.

Ijumaa, 28 Februari

Gulio tena. Mwanzo ulikuwa mzuri mno. Bi Moyna aliliona tundu toka mbali, uso ukamchangamka. Akalichukua biringanya, akalinusa, akachokonoa tundu kwa kijiti. Kisha akauliza kinyesi kiko wapi.

Sikujua kwamba ni mtu wa kufuatilia mambo madogo hivyo. Kumbe kiwavi wa kweli huacha uchafu mlangoni, na mlango wangu ulikuwa umefagiwa. Nikasema labda huyu alikuwa kiwavi msafi. "Haya, na mwenyewe yuko wapi? Kaenda Hija?" Soko zima likaangua kicheko. Lutfor alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Baadaye akaja kunipoza moyo. Akaninong'oneza kwamba samaki hawaulizwi tundu, na kwamba mwenye mashine ya kuchimba atakuwa na nafasi baada ya Idi.

Nimerudi na vikapu vyote. Tumekula biringanya mchana, tumekula biringanya jioni. Matamu! Hakuna nusu ya kukata na kutupa, hakuna harufu ya dawa kwenye maganda. Hilo ndilo linaloniuma. Nimelima mabiringanya bora katika wilaya yote ya Jamalpur, na anayejua ni mimi, mke wangu na mbuzi.

Jumamosi, 1 Machi

Wanamtaka kiwavi mwenyewe? Watampata.

Shamba la Lutfor lina viwavi wa kuuza nje ya nchi. Nimesubiri aende kuswali adhuhuri, nikaingia na kopo la maziwa ya unga. Kazi nyepesi. Unatafuta kichipukizi kilichonyauka, unakibana, kiwavi anatoka, unamtia koponi. Nilikuwa nimenogewa hasa niliposikia mtu akikohoa nyuma yangu. Lutfor!

Akaniuliza nafanya nini shambani kwake. Ningeweza kusema lolote. Nilichosema ni kwamba jioni hii mwezi ukionekana kesho ni Ramadhani, na ndugu ni kusaidiana, kwa hiyo nimekuja kumtolea viwavi. Akaguswa. Machozi yalimlengalenga. Akanishika bega, akasema, "Shemeji, kumbe una moyo! Basi malizia na upande ule." Akaenda kulala.

Nimetoa viwavi shamba zima la shemeji mpaka magharibi, bure. Mgongo umekufa ganzi. Lakini kopo limejaa!

Jumatatu, 3 Machi

Wamekufa.

Jana asubuhi niliwaingiza mmoja mmoja, kila kiwavi na biringanya lake, nikawaombea heri. Leo nimepasua la kwanza: maiti. La pili: maiti. La tatu kiwavi alikuwa hai, lakini amelala chali na hataki kula. Nilimbembeleza. Akafa mkononi mwangu nikiwa nimefunga, nina kiu, na ninamsihi kiwavi.

Bibi Shamba akapita na pikipiki yake. Akaziona maiti zimepangwa kwenye sinia, akafurahi mno, akanipiga picha nimeshika sinia, akasema hiyo ndiyo kazi yake hasa. Nikamuuliza kama serikali haiwezi kulilegeza biringanya kidogo. Akasema katika miaka yake yote ya kazi hajatokea mwingine kama mimi, mkulima anayelalamika kwamba mbegu inafanya kazi. Akanionya nisivimbe kichwa vilevile. Biringanya hili linamuua huyu kiwavi mtoboaji peke yake, na inzi weupe bado ni wa kuangaliwa. Kisha akauliza kama ile mistari ya pembezoni ipo.

Ipo. Alinilazimisha kuipanda. Ni mabiringanya ya kawaida kuzunguka shamba lote, ili viwavi wawe na mahali pao pa kula na wasizoee upesi lile la mbegu mpya. Mimi naiita sadaka ya viwavi, na tangu nipande sijaitembelea. Bibi Shamba akasema kwamba badala ya kuhangaika niwaalike tu wateja waje walione shamba. Rowshan akaitikia kwa kichwa. Wanawake wawili wakisema neno moja, bado ni neno moja tu.

Lakini sadaka ya viwavi! Nimeikimbilia kabla hata pikipiki haijawaka. Matundu! Kinyesi mlangoni! Viwavi wanono, wenye afya, wananitazama! Nimekuwa tajiri kumbe sijui.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi: ushindi! Nimeweka mabiringanya ya pembezoni juu, ya mbegu mpya chini. Bi Moyna alipofika, kiwavi mmoja akatoka mwenyewe, akanyanyua kichwa. Sikumfundisha! Bi Moyna akasema, "Enhe, sasa ndiyo unauza chakula." Kachukua vikapu viwili kwa futari ya msikiti. Lutfor aliondoka bila kuniaga.

Jioni: siwezi hata kuandika vizuri.

Bi Moyna alianza kukata. Ya juu yana viwavi. Ya chini, yote, hakuna alama. Akaacha kisu, akajifikiria, akafikia uamuzi: juu kiwavi, chini sumu! Ameniletea vikapu mpaka mlangoni, na nyuma yake nusu ya foleni ya bajia. "Unataka kuua watu wa Mungu mwezi mtukufu, Mokhles? Bora ungeuza yote ya sumu tukajua moja!" Nilijaribu kueleza kwamba yale ya chini ndiyo mazuri, na yale ya juu ndiyo ya kudanganyia. Sikupanga maneno vizuri.

Msikiti umefuturu bila bajia. Imamu amefungulia dengu na bisi za mchele tupu, na inasemekana alipumua kwa nguvu. Rowshan alimwomba Bi Moyna radhi. Kisha akaniambia, bila hata kupandisha sauti, kwamba hawezi kubeba aibu na shamba pia. Lutfor anakuja Jumamosi na kamba ya kupimia.

Heri angenigombeza. Baba yake alimfundisha kupalilia katika shamba lile, akiwa mdogo kuliko jembe. Nimemwona amesimama nje anaangalia upande ule.

Ijumaa, 7 Machi

Sitashindwa! Leo nimeamua kuacha ujanja wote. Hakuna sindano, hakuna kopo, hakuna juu na chini. Nitathibitisha kwa mwili wangu.

Nikafika gulioni, nikapanda juu ya kreti, nikaita watu. Wakaja, maana siku hizi nikifungua mdomo watu huja. Hata Imamu alikuwepo, ananunua tende. Nikachagua biringanya kubwa kuliko yote. Nikawauliza ni nani amewahi kula sumu akabaki amesimama. Nikang'ata. Bichi, na ganda lake. Nikatafuna, nikameza, nikang'ata tena.

Wote wakakodoa macho. Nikadhani wameingiwa na imani.

Imamu akaniuliza polepole leo ni siku gani. Nikasema Ijumaa. Akauliza mwezi gani.

Nilikuwa nimeshameza.

Zikapigwa kelele ambazo sijapata kuzisikia katika gulio hili. Mmoja akasema anayekula kwa kusahau funga yake ipo, kalishwa na Mungu. Muuza vitunguu akasema kusahau gani huko, mtu kapanda kreti na kuita mashahidi! Imamu akafumba macho, akasema kwamba kula nilikusudia, ila kufunga ndiko nilikosahau, na jambo hili lazima aulize wanaojua zaidi. Kwa sasa nifunge mdomo na niendelee kufunga. Wengine walifurahia zaidi hilo la kufunga mdomo.

Ndipo Bi Moyna akanyoosha kidole. "Subirini. Kalila bichi, na tumbo tupu. Kama lina sumu, huyu hafiki magharibi. Asiachwe peke yake."

Basi wakanifuata nyumbani. Wote! Wazee walikuja na mikeka. Nimekaa barazani nikitazamwa kama mwezi wa Idi. Kila nikikohoa wananyanyuka. Kijana mmoja alimuuliza Rowshan kwa adabu kama wanaukoo wana sehemu yao makaburini. Rowshan akamjibu kwamba mtu huyu hauawi na kitu, yeye mwenyewe ameshakata tamaa.

Alasiri watu wakachoka kusubiri nife. Wakaanza kutembea shambani, nyuma ya nyumba. Nikanyanyuka kuwafuata, nikaambiwa nikae, nisiharakishe damu. Kwa hiyo haya nimeyaona kwa kurefusha shingo. Bi Moyna aliingia katikati ya mistari, anageuza majani. Nyuki wamejaa kwenye maua. Chura akaruka mfereji, akapita juu ya kiatu chake. Buibui kila pembe. Akasema kwa sauti kwamba kwenye sumu chura hakai. Rowshan alikuwa kando yake, anamwonyesha mistari ya pembezoni na viwavi wake, kisha ya katikati isiyo na hata mmoja. Maneno machache, bila kreti.

Ndipo ukasikika mlio ng'ambo ya tuta. Chwi, chwi, chwi. Lutfor! Bomba mgongoni, kitambaa kimezunguka uso wote, anapiga dawa mabiringanya ambayo yangeingia mjini kesho asubuhi. Yale yenye matundu. Yenye vyeti.

Bi Moyna akamwita. Hakusikia, kitambaa kilikuwa masikioni. Akamwita tena kwa sauti ya kuitia wateja wa bajia, na hiyo hata maiti angesikia. Lutfor akageuka. "Si dawa hii, Bi Moyna, ni... ni maji tu ya kusafishia vumbi." Bi Moyna akamwambia anywe basi. Lutfor akasema amefunga.

Bi Moyna alikaa chini palepale mtaroni. Miaka yote hii, alisema, amekuwa akiwachagulia watu yenye tundu. Amewalisha watoto wa chuo cha Kurani, amemlisha marehemu mume wake, na kila siku alijisifu kwamba yeye hadanganyiki. Hakuna aliyecheka. Rowshan alimshika mkono, akamnyanyua, akampa kisu achume mwenyewe.

Walichuma mpaka shamba likabaki majani matupu. Adhana ilipolia nilikuwa bado nimekaa kwenye mkeka chini ya ulinzi. Nikala tende. Nikala bajia ya moto, ya biringanya letu, ukoko wake unalia meno yakiugusa. Watu wote wakanikazia macho. Nikacheua. Wakashangilia!

Rowshan amemwambia kaka yake kesho asije na kamba. Shamba linabaki shamba. Akaenda mpaka mwisho wa mistari, akarudi, na nimeona amelia kidogo. Mimi pia. Nimempigia hesabu: bila meno yangu, lingekuwa bwawa.

Alhamisi, 27 Machi

Mambo yamegeuka! Sasa mjini hakuna anayetaka biringanya lenye tundu. Wanageuza, wanakagua, wakiona tundu wanarudisha. Hata Lutfor alikuja kwa Rowshan kuomba mbegu, kofia mkononi. Rowshan kampa bure, maana ni mbegu ya kugawana, ila kwa sharti kwamba apande na mistari ya pembezoni na bomba lake likae darini. Shemeji ameanza kulala vizuri, anasema. Hakohoi tena.

Kuuza ni kazi ya Rowshan sasa. Yeye ndiye anayeongea na Bi Moyna, na jina lake ndilo lililoandikwa kwa Bibi Shamba. Mimi nasukuma guta. Ameniweka chini, akaniambia kwamba watu wametuamini kwa shida, na siku mteja mmoja atakapokuta ujanja mmoja, yeye mwenyewe atashika jembe achimbe bwawa. Akanitaka niape. Nimeapa kwa moyo wangu wote.

Kesho ndilo gulio la mwisho kabla ya Idi. Watu watagombania mabiringanya. Na pale pembezoni yananing'inia mengi, makubwa, yamenona, yanapotea bure kwa sababu ya vitundu vidogo tu! Mtu mwenye akili anaweza kulala?

Unga wa ngano kidogo, maji, unakanda. Unaziba. Juu unapaka maji ya mchicha mwekundu, rangi inakaribiana. Mwisho mafuta ya haradali, unasugua kwa kitambaa mpaka ling'ae. Hakuna jicho litakalojua! Nimeshaziba kikapu kizima. Viwavi wengine walikuwa bado ndani, nimewaziba nao.

Rowshan anauliza jikoni unga wa maandazi ya Idi uko wapi. Nimemwambia panya. Kikapu changu nitakiweka mbele kabisa, pale mkono wa Bi Moyna unapofika kwanza.